Dakika 270 za Kiharusi: Utayari wa Hospitali Huanzia Nyumbani

Somo la afya katika toleo hili linahusu kiharusi, na hasa swali ambalo wananchi huliuliza mara kwa mara katika mikutano ya vijiji na mitaa: je, hospitali zetu ziko tayari kumtibu mtu aliyepatwa na kiharusi ghafla? Msomaji atakayelifuata hadi mwisho ataweza kueleza mambo matatu: kwa nini tiba ya kiharusi ina mpaka wa muda, ni wapi muda huo hupotea, na ni huduma zipi zinazookoa maisha hata katika hospitali isiyo na mashine kubwa.

Kiharusi ni nini

Ubongo huishi kwa damu inayoupelekea hewa na sukari bila kukatika. Damu hiyo inapozuiwa kufika sehemu fulani ya ubongo, sehemu hiyo huanza kufa, na kazi iliyokuwa ikiisimamia, iwe kunyanyua mkono, kutamka maneno au kuona, husimama. Hicho ndicho kiharusi.

Zipo aina kuu mbili. Ya kwanza ni kiharusi cha kuziba, ambapo bonge la damu hukwama ndani ya mshipa. Ya pili ni kiharusi cha kuvuja, ambapo mshipa hupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo au kuuzunguka. Aina ya kuziba ndiyo yenye wagonjwa wengi zaidi duniani, lakini aina ya kuvuja si nadra, hasa pale ambapo shinikizo la juu la damu limeachwa miaka mingi bila matibabu.

Kwa nje aina hizi mbili hufanana. Mdomo hupinda, mkono hulegea, maneno hukwama. Hata daktari bingwa hawezi kuzitenganisha kwa uhakika kwa kumtazama mgonjwa peke yake. Kinachozitenganisha ni picha ya ubongo, na kwa kawaida picha hiyo hupigwa kwa mashine ya CT-Scan. Tofauti hii ni ya msingi, kwa kuwa dawa inayomponya mwenye kiharusi cha kuziba inaweza kumwua mwenye kiharusi cha kuvuja.

Ugonjwa huu ni wa kwetu kiasi gani

Tanzania ni miongoni mwa nchi chache za Afrika ambako kiharusi kimehesabiwa nyumba kwa nyumba. Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti waliwafuatilia wakazi wa eneo moja la Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na wa eneo jingine jijini Dar es Salaam. Katika eneo la Hai, lenye wakazi wapatao 160,000, walihesabu wagonjwa 453 katika miaka mitatu. Hiyo ni sawa na wagonjwa wapya takriban watatu kila wiki. Walipolinganisha maeneo hayo kwa kuzingatia tofauti za umri wa wakazi, kiwango cha Hai kilikuwa wagonjwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na cha Dar es Salaam kilikuwa 315.9.

Utafiti mwingine katika maeneo hayo hayo, uliochapishwa mwaka 2008, uliuliza watu wanaamini kiharusi hutokana na nini. Wengi wangetarajia imani za kishirikina ziwe na nguvu zaidi vijijini. Ilikuwa kinyume. Dar es Salaam ndiko wengi walikihusisha kiharusi na mashetani au uchawi, na Hai ndiko wengi walitaja shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo. Kwa mpangaji wa huduma, somo lililomo ni kwamba elimu ya kiharusi isielekezwe kijijini peke yake. Mkazi wa mjini anayeishi hatua chache kutoka hospitali anaweza kuchelewa kuliko wa mlimani, iwapo safari yake ya kwanza itaelekea kwingine.

Kwa nini dakika 270

Mwaka 1995 yalitangazwa nchini Marekani matokeo ya utafiti wa wagonjwa 624 wa kiharusi cha kuziba. Baadhi yao walipewa alteplase, dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ndani ya saa tatu tangu dalili kuanza. Baada ya miezi mitatu, waliopewa dawa walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa angalau asilimia 30, ya kubaki bila ulemavu au wakiwa na ulemavu mdogo sana. Dawa hiyo ilikuwa na gharama yake: damu ilivuja ubongoni na kuleta madhara kwa asilimia 6.4 ya waliopewa, ikilinganishwa na asilimia 0.6 ya wasiopewa. Hata hivyo, faida kwa jumla ilizidi hasara. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ulionyesha kuwa faida bado ipo hadi muda wa saa nne na nusu, yaani dakika 270. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza alteplase katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya kiharusi cha kuziba.

Ipo pia tiba ya kuingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa na kulivuta bonge lenyewe. Manufaa yake yalithibitishwa na tafiti kadhaa mwaka 2015, na kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa vipimo maalumu inaweza kufanyika hadi saa 24 tangu dalili kuanza. Tiba hiyo huhitaji chumba maalumu na timu ya mabingwa, hivyo nafasi yake ni katika hospitali kubwa chache. Kwa wagonjwa wengi, mpaka unaotawala ni ule wa dakika 270.

Mpaka huo usieleweke kama ruhusa ya kusubiri hadi dakika ya 269. Mwaka 2006 mtaalamu mmoja wa Marekani alikadiria kuwa, mshipa mkubwa wa ubongo unapoziba, seli za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Anayepata dawa dakika ya 90 ana matumaini makubwa kuliko anayeipata dakika ya 250, ingawa wote wawili wamo ndani ya mpaka.

Jambo la kuzingatia ni namna ya kuhesabu. Saa huanza pale mgonjwa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Aliyelala saa 4:00 usiku akiwa mzima na kuamka saa 12:00 asubuhi akiwa amepooza upande mmoja, huhesabiwa kuanzia saa 4:00 usiku. Kwa sababu hiyo, ndugu anayejua mgonjwa alionekana mzima saa ngapi ni sehemu ya matibabu, naye ni vema aambatane na mgonjwa au apatikane kwa simu.

Muda hupotelea wapi: mfano wa hesabu

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo hili. Mama mwenye umri wa miaka 58 anadondosha kikombe saa 1:00 asubuhi, mdomo ukiwa umepinda. Dakika 270 zake zitakwisha saa 5:30 asubuhi.

Katika safari ya kwanza, ndugu wanashauriana na kutafuta usafiri kwa dakika 60. Safari ya kwenda zahanati ni dakika 25, na foleni dakika 15. Kuandikiwa rufaa na kusubiri gari la wagonjwa ni dakika 60. Kwenda hospitali ya wilaya ni dakika 30, na kupokewa, kuandikishwa na kuandikiwa rufaa ya pili ni dakika 40. Kutoka hapo kwenda hospitali ya mkoa yenye CT-Scan ni dakika 80. Jumla ni dakika 310. Mama anafika saa 6:10 mchana, dakika 40 baada ya mlango kufungwa, na bado hajapigwa picha.

Katika safari ya pili, ndugu wanaondoka baada ya dakika 15. Safari ya zahanati ni zile zile dakika 25. Muuguzi anampima sukari na shinikizo la damu, anapiga simu, na gari linapatikana ndani ya dakika 20. Gari linapita njia ile ile kwa dakika 110, lakini halisimami hospitali ya wilaya, kwa kuwa mganga wa zamu huko amekwisha kuarifiwa na ameridhia mgonjwa apelekwe moja kwa moja. Jumla ni dakika 170. Mama anafika saa 3:50 asubuhi, akiwa na dakika 100 mkononi.

Barabara ni ile ile, umbali ni ule ule, gari ni lile lile. Dakika 140 zilizookolewa zilitoka katika kushauriana, kupanga foleni na kusubiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika kiharusi huumiza ubongo.

Halmashauri zina mahali pa kujifunzia utaratibu huu. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, huwaunganisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura na usafiri kupitia namba ya bure 115, na pale gari la wagonjwa linapokosekana, madereva wa jamii waliosajiliwa hutumika. Namba hiyo ni ya dharura za uzazi na watoto wachanga. Kinachofaa kuigwa kwa kiharusi ni mpango wake: anayepokea simu anajulikana, dereva anajulikana, na hospitali inayompokea mgonjwa inaarifiwa kabla hajafika.

Utayari katika hospitali yenye CT-Scan

Katika miaka ya karibuni Serikali imesimika mashine za CT-Scan katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa. Hatua hiyo imefungua tiba ambayo awali ilikuwa ya miji mikubwa pekee. Hata hivyo, mashine ni kiungo kimoja cha mnyororo. Kiharusi hakichagui saa za kazi. Hospitali iliyo tayari ni ile ambayo, saa 8:00 usiku siku ya sikukuu, ina mtaalamu wa mionzi wa kupiga picha, daktari wa kuisoma papo hapo au kuituma kwa bingwa aliye mbali, dawa iliyomo ndani ya idara ya dharura, mizani ya kumpima mgonjwa uzito, kwa kuwa kipimo cha alteplase hutegemea kilo zake, na jenereta inayowaka umeme unapokatika.

Hospitali Kuu ya Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, ni mfano wa kujifunza. Mwaka 1998 ilichukua kwa kawaida dakika 105 tangu mgonjwa aingie mlangoni hadi apewe dawa. Mwaka 2011 muda huo ulikuwa dakika 20. Mabadiliko mengi yaliyoleta tofauti hiyo yalikuwa ya utaratibu. Wahudumu wa gari la wagonjwa walipiga simu wakiwa njiani. Taarifa za mgonjwa ziliandaliwa kabla hajafika. Alipofika, alipelekwa moja kwa moja kwenye CT-Scan badala ya kulazwa kwanza kitandani, na dawa ilianza kutolewa pale pale kwenye meza ya kipimo. Kila hatua iliyoweza kufanyika kabla ya mgonjwa kufika ilitolewa nje ya mlango wa hospitali.

Utayari katika hospitali isiyo na CT-Scan

Wapo wanaodhani kwamba hospitali ya wilaya isiyo na CT-Scan haina la kumfanyia mgonjwa wa kiharusi zaidi ya kumwandikia rufaa. Dhana hiyo imepoteza maisha mengi, kwani wagonjwa wengi hufika baada ya dakika 270 kupita, na wengine wana kiharusi cha kuvuja ambacho dawa ya kuyeyusha haiwafai. Wote hao wanahitaji tiba.

Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Trondheim, nchini Norway, kabla dawa ya kuyeyusha bonge haijaanza kutumika kwa kiharusi. Wagonjwa 220 waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walilazwa katika wodi za kawaida, na nusu katika kitengo maalumu cha kiharusi, chenye wauguzi waliofunzwa, utaratibu ulioandikwa na mazoezi ya viungo yaliyoanza mapema. Baada ya wiki sita, wagonjwa 19 kati ya 110 wa wodi za kawaida walikuwa wamefariki. Katika kitengo maalumu walikuwa 8 kati ya 110. Tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha kuwa huduma ya namna hiyo huwafaidia wagonjwa wa rika zote na wa aina zote mbili za kiharusi.

Utafiti mwingine ulifanyika katika vitengo 19 vya kiharusi katika jimbo la New South Wales, Australia, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Wauguzi wa baadhi ya vitengo walifundishwa kusimamia mambo matatu katika siku tatu za mwanzo: homa, sukari na kumeza. Joto la mgonjwa lilipimwa na homa kushushwa mapema kwa parasetamoli. Sukari ilipimwa na kudhibitiwa. Hakuna aliyepewa chakula, kinywaji wala dawa ya kumeza kabla ya kuthibitishwa kuwa anaweza kumeza salama. Baada ya siku 90, waliofariki au kubaki wakiwategemea wengine walikuwa asilimia 42 katika vitengo vilivyofunzwa, na asilimia 58 katika vitengo vingine.

Kipimajoto, kipimasukari na kikombe cha maji vyote hupatikana katika hospitali ya wilaya. Kinachohitajika zaidi ni utaratibu ulioandikwa, wauguzi waliofunzwa kuufuata, na vitanda vichache vilivyotengwa mahali pamoja ili wagonjwa wa kiharusi wasitawanyike wodi nzima. Mambo yafuatayo ndiyo msingi wake:

1. Sukari ipimwe mara tu mgonjwa anapofika. Sukari iliyoshuka sana huweza kuiga kiharusi kwa kila dalili, na hutibika kwa dakika chache.

2. Shinikizo la damu lipimwe, lakini lisishushwe kwa pupa. Katika kiharusi cha kuziba, shinikizo la juu huwa linausukumia damu ubongo wenye njaa, na kulishusha ghafla kunaweza kupanua sehemu iliyokufa. Mgonjwa anayetarajiwa kupewa dawa ya kuyeyusha bonge huhitaji kuwa chini ya 185 kwa 110. Asiyepewa dawa hiyo, kwa kawaida madaktari huvumilia hadi 220 kwa 120. Kiharusi cha kuvuja kina utaratibu tofauti. Kwa hiyo uamuzi ni wa daktari.

3. Aspirini isitolewe kabla ya picha ya ubongo kuthibitisha kuwa hakuna damu iliyovuja.

4. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe mara kwa mara, ili asipate vidonda vya mgandamizo, na aanze mazoezi ya viungo mapema hali yake inaporuhusu.

5. Ndugu wafundishwe namna ya kumlisha, kumnyanyua na kumpa dawa za shinikizo kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani.

Wajibu wa familia

Hakuna hospitali inayoweza kurudisha dakika zilizopotea kabla mgonjwa hajafika. Kila kaya ijifunze kuangalia mambo manne. USO: mwambie atabasamu, na uangalie kama upande mmoja umelegea. MKONO: mwambie anyanyue mikono yote miwili, na uangalie kama mmoja unashuka. USEMI: mwambie arudie sentensi fupi, na usikilize kama maneno yanakwama au hayaeleweki. MUDA: ikiwa mojawapo ya dalili hizo ipo, tazama saa, iandike, na uanze safari. Kupoteza uwezo wa kuona ghafla, kupepesuka ghafla, au kuumwa kichwa ghafla kwa ukali usio wa kawaida pia ni dalili za kuchukulia kwa uzito.

Dalili zikitoweka baada ya dakika chache, safari isiahirishwe. Kiharusi kidogo cha kupita mara nyingi hutangulia kikubwa.

Mgonjwa asinyweshwe uji, chai wala maji kwa nia ya kumpa nguvu. Koo lililopooza hupitisha chakula kwenye mapafu, na homa ya mapafu inayofuata huwaua wengi waliokwisha kunusurika na kiharusi chenyewe. Alazwe kwa ubavu iwapo amepoteza fahamu. Dawa zake zote na kadi ya kliniki zibebwe.

Zaidi ya hayo, kila mtu mzima apimwe shinikizo la damu, na aliyeanzishiwa dawa asiiache kwa sababu anajisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa hiyo.

Maswali ya kujadili

Maswali haya yanaweza kutumika katika mikutano ya vijiji na mitaa, katika kamati za usimamizi wa vituo, na pale Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri unapoandaliwa.

1. Kutoka kijijini kwetu, hospitali ya karibu yenye CT-Scan inayofanya kazi usiku na mchana ni ipi, na safari huchukua dakika ngapi?

2. Mtu akipatwa na kiharusi usiku, nani anapigiwa simu, na namba hiyo imebandikwa wapi?

3. Je, zahanati na kituo chetu cha afya vina kipimasukari chenye vitendanishi na kipimashinikizo kinachofanya kazi leo?

4. Je, mganga wa zamu wa zahanati ameruhusiwa kumpeleka mgonjwa wa kiharusi moja kwa moja hospitali yenye CT-Scan, au ni lazima apite vituo vyote?

5. Je, hospitali ya wilaya ina utaratibu ulioandikwa wa homa, sukari na kumeza, na wauguzi wangapi wamefunzwa kuufuata?

6. Je, hospitali huandika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, saa aliyofika na saa aliyopigwa picha? Bila kuandika saa hizo, hakuna atakayejua kama huduma inaboreka.

Maswali manne ya mwisho hayahitaji bajeti kubwa kujibiwa. Yanahitaji kuulizwa hadharani, majibu yake kuandikwa katika muhtasari, na kikao kinachofuata kuanza kwa kuusoma muhtasari huo.